WhatsApp, imeili, LinkedIn, Instagram: neno la kazi likae wapi?

Tarehe 19, saa tano usiku. Kesho yake ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT, ile taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani. Mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi ananitumia WhatsApp vois mbili, kila moja dakika nne, na picha kumi na saba za risiti zilizotandazwa juu ya shuka la maua. Chini yake kaandika: "Dada, jumlisha na zile za juzi." Za juzi zilikuja kwenye simu yangu ya zamani, ile iliyochomolewa kwenye daladala.

Ritani ilikwenda, kwa mbinde. Ila usiku ule ulinifanya nikae niamue kila neno la kazi lipite njia gani, na ulinganisho huu umetoka huko. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni watu wa Kariakoo na Sinza. Wachache ni mashirika yenye ofisi za viyoyozi na utaratibu wa barua. Hakuna njia moja inayowafaa wote.

Wengi wetu huchagua mtandao kwa kuuliza watu wamejaa wapi. Stendi ya Mbezi ina watu kuliko ofisi yoyote mjini, lakini hakuna anayekwenda kusainia mkataba pale. Mimi nauliza matatu: nani atasikia, neno litakaa muda gani, na nani anaweza kulibeba akalipeleka kwingine. Majibu hayafanani kabisa kati ya mtandao huu na ule, hata kama yote yako kwenye simu ileile.

Mwenye haraka achukue hili. Mtu anayekufahamu tayari na ana jambo dogo la leo: WhatsApp. Jambo lenye fedha, tarehe au saini: imeili, hata kama lilianzia WhatsApp. Asiyekufahamu lakini anaweza kukuajiri au kukupa kazi ya ofisi: LinkedIn. Kazi ambayo mteja huinunua kwa macho, kama keki, nguo au samani: Instagram. X, iliyokuwa Twitter, ni ya mjadala, na kwa Tanzania ina mkasa wake nitakaoueleza mbele.

WhatsApp na imeili

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, kwa hiyo hapa ndipo nitakapokaa.

WhatsApp ina sifa moja ambayo imeili kwetu haijaipata: watu wanaijibu. Mama mwenye stoo ya vitenge hana nafasi ya kukaa mbele ya kompyuta, lakini vois anaisikiliza huku anahesabu doti. Ananieleza mauzo ya wiki bila kuhangaika na kuandika, nami nasikia hata wasiwasi uliomo kwenye sauti yake, kitu ambacho maandishi yangenificha. Bando dogo linamtosha. Ukimwambia "nitumie kwa imeili" atakujibu "sawa" na hutaona kitu. Si kiburi. Imeili yake ilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku aliyonunua simu, na nywila anaijua yule kijana.

Tatizo ni kwamba WhatsApp inalaza kila kitu kitanda kimoja. Namba ya TIN, ile ya mlipakodi, iko katikati ya kichekesho na taarifa ya msiba. Makubaliano ya miezi minne iliyopita yamo ndani ya vois, na vois huitafuti kwa neno kama maandishi; unazisikiliza moja baada ya nyingine, na nyingi zinaanza na "haloo, unanisikia?"

Tena neno la WhatsApp halitulii. Aliyeandika anaweza kuuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote hata baada ya siku mbili. Mkiwasha ujumbe wa kutoweka, maneno yanayeyuka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, mnavyochagua. Kwa wachumba sina neno. Kwa mteja aliyeniambia "hii ilipwe, ile tuiache kwanza", sikubali.

Halafu kuna akiba. Kwenye simu za Android nakala ya mazungumzo huhifadhiwa Google Drive, na tangu 2024 inakula nafasi kwenye zile GB 15 za bure za akaunti yako, zilezile zinazobeba picha na imeili. Zikijaa, akiba inasimama na wewe unaendelea kuchati bila habari. Ingia kwenye mipangilio sasa hivi uangalie tarehe ya akiba ya mwisho. Yangu, siku niliyoibiwa simu, ilikuwa ya miezi saba nyuma.

Imeili ni kinyume chake. Inachosha kuianza, lakini ikishakwenda imekwenda: ina kichwa, ina tarehe, kila aliyepewa nakala anaonekana, na Gmail inakubali kiambatisho cha hadi MB 25 kikafika kama kilivyotoka. Hukuti mtu ameandika mkataba kisha akaweka kibandiko cha paka chini yake.

Sisemi WhatsApp si ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaupokea ujumbe wa kielektroniki mahakamani, uwe umetumwa kwa njia hii au ile. Tofauti iko kwenye kazi ya kuthibitisha: nani alikuwa ameshika simu, sauti ni ya nani, kilichofutwa kilisemaje. Kwenye imeili uzi wote upo, mwanzo hadi mwisho, na mtu wa tatu anaweza kuusoma bila kusimuliwa.

Kwa hiyo sipigani tena na wateja. Kila mtu anaanzia anapopenda. Ila vois ikija na uamuzi ndani yake, naugeuza kuwa maandishi mimi mwenyewe na kumrudishia: kwa imeili kama anayo, palepale WhatsApp kama hana. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Kama tulivyozungumza leo tarehe 12, nitawasilisha ritani ya VAT ya mwezi wa tano kwa mauzo uliyonipa. Risiti za manunuzi za duka la pili hazimo kwa kuwa hazijanifikia. Ukiona sivyo, nijulishe kabla ya tarehe 18."

Hayo maneno "ukiona sivyo" yameniokoa mara nyingi kuliko kikokotoo. Mteja akikaa kimya, kimya chake nacho kina tarehe. Kila mwisho wa robo mwaka nayahamisha mazungumzo ya kila mteja kutoka kwenye simu (WhatsApp yenyewe inaruhusu) na kuyaweka kwenye folda yake kwenye kompyuta.

Jambo la risiti nalo. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwenye karatasi inayofifia yenyewe kwa joto na mwanga, na WhatsApp ukiiachia hubana picha. Risiti iliyofifia ndani ya picha iliyobanwa: hapo 3 na 8 ni ndugu. Mteja atume kama faili, siyo kama picha, au achague ule ubora wa HD uliokuja 2023. Maelezo ya maandishi hayakusaidia kitu. Niliwarekodia video ya sekunde ishirini nikionyesha kidole kinapobonyeza, wakaelewa wote isipokuwa mmoja.

Kuhusu adabu. Kwetu hutaji kazi kabla ya salamu, na sitaki tuache. Lakini "Mambo" iliyotumwa peke yake saa nne asubuhi, ikakaa kusubiri "Poa" ndipo jambo lifuate, inamweka mtu wa kazi roho juu. Weka vyote kwenye ujumbe mmoja: salamu, jambo lenyewe, unachotaka nifanye, na lini. Mzee amepewa heshima yake, na hakuna aliyebaki kutazama skrini.

Kingine ambacho imeili inacho na WhatsApp haina ni mlango. Imeili ya saa sita usiku hakuna anayetarajia ijibiwe saa sita na dakika moja. WhatsApp wanaona uko hewani. Dawa niliyoipata ni WhatsApp Business, ile programu ya bure iliyotoka 2018, kwenye laini ya kazi pekee. Inakuwezesha kuandika saa zako na jibu linalojituma lenyewe. Langu linasema ofisi iko wazi saa 2:30 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwamba kama ni barua kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato), usiandike, piga. Tiki za bluu unaweza kuzizima kwa mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye grupu zinabaki, kwa hiyo usimdanganye admini kwamba hukuona.

Laini tofauti ina faida nyingine. Stetasi. Niliwahi kuposti nikicheza kwenye sherehe ya binamu yangu, tarehe 6 usiku, na mteja aliyekuwa anasubiri PAYE yake (kodi ya mishahara ya wafanyakazi) ya tarehe 7 akaniandikia: "Hongera, naona mnafurahi." Hakuongeza neno. Tangu hapo sherehe ziko laini nyingine.

Ukishaamua ni WhatsApp, bado hujaamua

Maana ndani yake mna vyumba vinne, na watu huingia chumba kisichofaa.

| | Inabeba wangapi | Nani anaona namba ya nani | Inafaa nini |
|---|---|---|---|
| Grupu | hadi 1,024 | kila mtu anaona ya kila mtu | timu ya kazi moja, kamati |
| Orodha ya matangazo | hadi 256 | kila mmoja anaona yako tu | kuwakumbusha wateja |
| Chaneli | bila kikomo | wafuasi hawaonani, na yako haionekani | taarifa za umma |
| Stetasi | waliokuhifadhi nawe umewahifadhi | – | kuonyesha bidhaa kwa saa 24 |

Mhasibu mwenzangu aliwaingiza wateja wake wote kwenye grupu moja ili awakumbushe tarehe za kodi. Nia njema kabisa. Ndani ya wiki moja, wauza vitambaa wawili wasiopikika chungu kimoja wakagundua kuwa vitabu vyao vinaandikwa na mkono uleule, na mtu wa mikopo akazikusanya namba zote akaanza kupiga simu. Orodha ya wateja wake, mali aliyoijenga miaka, aliigawa bure. Na siku hizi si suala la ustaarabu tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi.

Alichohitaji ni orodha ya matangazo. Unaandika mara moja, kila mteja anaupata kama ujumbe wake peke yake, na jibu linarudi kwako tu. Ina sharti moja linalowachanganya wengi: anayepokea lazima awe amehifadhi namba yako. Asipoihifadhi, ujumbe haumfikii na wewe huambiwi. Ndiyo maana siku ya kwanza na mteja mpya, kabla ya kuzungumza bei, nahakikisha ameandika jina langu kwenye simu yake mbele yangu.

Chaneli, zilizoanza 2023, zinafaa kama una jambo la kuuambia umma na hutaki mazungumzo. Sina hakika mhasibu mwenye wateja thelathini anaihitaji. Shule, zahanati au halmashauri, ndiyo.

LinkedIn na Instagram

Watu huzilinganisha kana kwamba moja ni ya suti na nyingine ya kujirusha. Mimi naona hivi: Instagram inaonyesha kazi, LinkedIn inaonyesha aliyeifanya. Fundi samani wa Keko hana sababu ya kuumiza kichwa na LinkedIn. Mteja wake anataka kuona kabati, aina ya mbao na bei. Lakini mkadiriaji majenzi, afisa rasilimali watu, au mimi, tutapiga picha ya nini? Ritani iliyowasilishwa kwa wakati haina sura. Nilijaribu Instagram miezi sita nikipiga picha kikokotoo pembeni ya kikombe cha kahawa. Wafuasi walikuja, wengi wao wahasibu. Mteja hakuja hata mmoja.

LinkedIn ilinipa mashirika mawili, na hayakuja kwa sababu ya posti zangu. Kuna mtu aliuliza, chini ya posti ya mwingine, kama shirika lao dogo linapaswa kukata kodi ya zuio linapomlipa mshauri. Nikamjibu kwa sentensi nne: ndiyo, asilimia 5 kwa mshauri mkazi, inakatwa wakati wa kulipa, na mshauri apewe cheti chake cha zuio kwa sababu atakihitaji kwenye hesabu zake. Wiki tatu baadaye mkurugenzi wa shirika jingine, aliyekuwa anasoma tu kimya kimya, akanitafuta. Kwenye LinkedIn anayekusoma mara nyingi si yule unayemjibu.

Lugha gani? Profaili yangu ni ya Kiingereza kwa sababu anayetafuta mhasibu akiwa Nairobi au Geneva anaandika vyeo vya Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia. Maelezo ya kodi naandika kwa Kiswahili, na ndiyo yanayoleta maswali ya maana. Ila lugha ya LinkedIn yenyewe ina ugonjwa: kila mtu "amenyenyekea kutangaza" kwamba kapata cheo. Umepata cheo, sema umepata cheo, tukupe hongera.

Wanaotafuta kazi wakiwa bado wameajiriwa wajue mawili. Ukifungua profaili ya mtu, yeye huoneshwa jina lako, labda uwe umebadili mipangilio ya faragha. Na ile alama ya kuwa uko tayari kwa kazi unaweza kuiweka ionwe na waajiri tu, lakini LinkedIn yenyewe inakuonya kwamba haiwezi kukuhakikishia usiri kamili dhidi ya mwajiri wako wa sasa. Kama afisa ajira wa kampuni yenu anakunywa chai na wa kampuni jirani, nawe fikiria.

Kwa upande wa Instagram, kwa wale inaowafaa, nina ugomvi mmoja: "Bei njoo inboksi." Mnatuita dukani kisha mnafunga mlango. Anayelinganisha wauzaji watano saa sita mchana hataandikia wote. Atamchukua aliyeandika bei, mahali alipo na namba ya simu. Kiungo ukikiandika kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki, kiweke kwenye profaili, ambako tangu 2023 vinaruhusiwa hadi vitano.

Lalamiko la hadharani ndilo jaribio la kweli. Mteja kaandika chini ya picha ya keki kwamba yake ilifika imebonyea. Ukifuta, picha ya skrini ya lalamiko itazaliwa upya kwenye ukurasa wa mtu mwenye wafuasi kuliko wewe. Ukibishana, wapita njia watakaa kutazama. Jibu mara moja, palepale, kwa ufupi: "Pole sana dada, hilo ni kosa letu. Nimekuandikia inboksi, tulimalize leo." Kisha limalize kweli, maana wanaofuatilia watarudi kuuliza liliishaje. Kwenye hili WhatsApp ina nafuu: aibu yako inabaki kati yenu wawili, mpaka atakapoifowadi.

Na picha za watu. Mfundishaji, mwenye saluni, nesi, mwenye ukumbi: kabla ya kuposti sura ya mtu, omba, na upate jibu la maandishi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuwa amekwenda kuburudika. Picha za aina hiyo zinapostiwa kila Ijumaa usiku kutoka Mikocheni hadi Mombasa.

Fani nyingine zina mipaka yake ya kujitangaza, na mtandao haukuifuta. Mawakili wa Kenya wana kanuni za mwaka 2014 kuhusu matangazo yao. Sisi wahasibu maadili yetu yanatukataza kutia chumvi kwenye sifa zetu au kuwadharau wenzetu, kwa hiyo "mhasibu namba moja Tanzania" usiiandike hata kwenye stetasi.

X, Facebook na Telegram, kwa kifupi

X ina kasi ambayo wenzake hawana. Kenya watu wanapata kazi kweli kupitia alama ya #IkoKaziKE, na kampuni inayochelewa kujibu pale hupata cha moto kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa mwanasheria, mwandishi wa habari au mtafiti, mjadala wa fani yako huenda uko pale. Lakini herufi 280 ni chache kwa jambo lenye "ila" ndani yake, na kodi yote ni "ila". Kila unachoandika kinaweza kunukuliwa na mtu wa mbali asiyejua ulikuwa unamjibu nani.

Kwa Tanzania liko kubwa zaidi: Mei 2025 X ilifungwa nchini, na kutumia VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao, nako, tangu tangazo la mwaka 2023 la TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), kunataka usajili. Mtandao ambao mteja wako anaufikia kwa kuzunguka nyuma ya nyumba si wa kuchapa kwenye kadi ya biashara.

Facebook haijafa kama watoto wanavyosema. Mikoani, na kwa watu wa umri wangu kwenda juu, makundi yake bado yanauza mashamba, ng'ombe na pikipiki. Mwenye wateja Uganda akumbuke kwamba ilifungwa kule Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Telegram ni nzuri kwa mafaili makubwa, hadi GB 2, na wanafunzi wa vyuo wanaipenda. Mazungumzo yake ya kawaida, tofauti na ya WhatsApp, hayana lile kufuli la kuyafanya yasomwe na wahusika wawili tu. Siri za mteja siziweki pale.

Akijifanya ni wewe

Kila Mtanzania amewahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii". Toleo lake la kiofisi ni kali zaidi. Mtu anamwomba mteja wako tarakimu sita zilizomfikia kwa SMS, anaiteka WhatsApp yake, kisha anakuandikia wewe kwa jina na picha ya mteja. Au anakuteka wewe na kuwaandikia wateja walipe kodi kwenye namba mpya.

Kwa hili imeili na WhatsApp hazipishani sana, zote hutekwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye zote, na PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Kilichonisaidia zaidi ni sentensi ninayowaambia wateja ana kwa ana mwanzoni: kodi inalipwa kwa kontroli namba inayotoka kwenye mfumo wa TRA, siyo kwa namba ya simu ya mtu, na mimi sibadilishi akaunti ya kupokea ada yangu kwa ujumbe. Ukiona ujumbe wa hivyo, nipigie usikie sauti yangu.

Siku mtandao usipokuwepo

Tarehe 4 Oktoba 2021, kuanzia jioni hadi usiku wa manane kwa saa zetu, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizima pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima. Zote ni za kampuni moja. Aliyedhani amejigawa kwenye mitandao mitatu aligundua alikuwa amepanga vyumba vitatu kwa mwenye nyumba mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubembeleza. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa, huku tarehe 7 ya PAYE ikisogea kama kawaida.

Kwa hiyo, cheka ukitaka, nina daftari. La karatasi, lenye jalada gumu, nililonunua Mtaa wa Samora. Jina la mteja, namba zake mbili, namba ya mtu wa karibu dukani, TIN yake, na anapenda kuitwa nani: mama fulani, mzee, bosi, au kwa jina tu. Hilo la mwisho hakuna mtandao unaoliuliza, na ndilo ninaloanza nalo nikipiga simu.

Yule mteja wa shuka la maua bado anatuma vois za dakika nne. Ila siku hizi zinafika tarehe 10, na risiti anazipiga juu ya meza.